Skrini Kubwa Inaponyamaza: Kutafuta Kosa Kwenye Njia ya Picha ya Kidijitali

Skrini ya inchi 98 ikikataa kuonyesha picha nusu saa kabla ya mkutano, lawama ya kwanza huangukia skrini yenyewe. Ndiyo kubwa, ndiyo ghali, na ndiyo iliyo mbele ya macho ya watu. Lakini katika kumbi, makanisa, benki na vyumba vya mikutano, iwe Kampala, Entebbe, Jinja au Gulu, kosa mara nyingi liko njiani: waya, adapta, spilita (kigawanya picha), au vifaa viwili vilivyoshindwa kuelewana. Skrini iwe ya mwisho kushukiwa, na bisibisi ibaki mfukoni mpaka njia yote imekaguliwa.

Hodi kabla ya picha

Plagi ya HDMI, ile inayobeba picha na sauti kwa waya mmoja, ina pini 19. Ukiichomeka, chanzo, yaani laptopu, dikoda au kicheza video, hupeleka volti 5 kupitia pini ya 18. Hiyo ni hodi. Skrini iliyo tayari hujibu kwa kupandisha umeme kwenye pini ya 19, nayo ni karibu. Kisha chanzo husoma, kupitia pini za 15 na 16, maelezo ambayo skrini imejiandikia yenyewe, yaitwayo EDID. Ni maandishi mafupi sana: baiti 128, na kwa skrini za HDMI kwa kawaida 256. Yanataja aina ya skrini, idadi ya pikseli inazokubali, picha ngapi kwa sekunde, na kama inapokea sauti. Kinachochezwa kikiwa na ulinzi wa hakimiliki, hufuata ukaguzi wa HDCP. Baada ya hayo ndipo picha hupita, tena katika jozi nyingine kabisa za nyaya zilizo ndani ya kebo hiyo hiyo.

Mpangilio huu ukiuelewa, makosa hujigawa katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa salamu: vifaa havikuelewana, kwa hiyo skrini ni nyeusi kabisa, au picha imekuja kwa ukubwa usiotakiwa, au haina sauti. Ukoo wa pili ni wa mzigo: vimeelewana vizuri, lakini waya hauwezi kubeba walichokubaliana. Hapo picha huja na kasoro, yaani inamemeta, inakatika na kurudi, au ina mistari. Jiulize kwanza ni ukoo upi kabla hujagusa chochote. Kubadilisha waya kwa kosa la salamu, au kuhangaika na mipangilio ya kompyuta kwa kosa la mzigo, ndiko kunakomaliza ile nusu saa.

Mkoba wa fundi uwe na waya mmoja wa HDMI wa mita 1.5 au 2 ambao umeshathibitishwa, monita ndogo, laptopu ambayo unaijua tabia yake, kihifadhi cha EDID, multimita, na adapta moja ya DisplayPort (aina nyingine ya tundu la picha kwenye kompyuta) kwenda HDMI iliyo ya kugeuza kweli (vyote viwili vimeelezwa mbele). Kazi huanza kwa kuikata njia katikati. Monita ndogo ichomekwe pale waya mrefu unapoanzia. Picha ikija, kosa liko upande wa skrini. Isipokuja, liko upande wa chanzo. Kata tena nusu iliyobaki. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, kwani ukibadilisha viwili pamoja na picha ikarudi, hutajua kilichoponya.

Hakuna kitu kabisa

Anza na yale yanayoonekana ya kitoto. Skrini kubwa za kazi huwa na matundu manne au zaidi, na rimoti mkononi mwa mtu asiyejua huiacha kwenye tundu lisilo na waya. Kwenye laptopu ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kuonyesha kote kuwili. Sukuma plagi mpaka mwisho: HDMI haina kufuli, na kebo nzito ya mita 10 inayoning'inia nyuma ya skrini iliyotundikwa hujivuta yenyewe polepole hadi itoke milimita 2. Ifunge kwenye mabano ya skrini ili uzito usibebwe na tundu.

Kama kompyuta haioni kabisa kwamba kuna skrini ya pili, hodi haijafika au karibu haijarudi. Hapo adapta ndiyo mshukiwa mkuu. Adapta ndogo za bei rahisi za DisplayPort kwenda HDMI hupita upande mmoja tu: zinafanya kazi kompyuta yenye DisplayPort ikipeleka kwenye skrini ya HDMI, wala haziwezi kinyume chake. Ukiwa na kicheza video cha HDMI na skrini yenye DisplayPort pekee, unahitaji kigeuzi chenye umeme wake. Hali ni ile ile kwa waya wenye plagi ya DisplayPort huku na HDMI huko: angalia chanzo ni kipi.

Kuna kosa moja la DisplayPort linalowapoteza watu siku nzima. Pini ya 20 hutoa volti 3.3 kwa ajili ya adapta, na waya wa kawaida kutoka kompyuta hadi skrini haupaswi kuiunganisha ncha hadi ncha. Nyaya zisizofuata kanuni huiunganisha, hivyo umeme wa skrini unarudi ndani ya kompyuta. Dalili zake: kompyuta haiwaki mpaka uchomoe waya, au taa zake hubaki hafifu hata baada ya kuzimwa. Tupa waya huo, usiutunze kama akiba.

Vumbi jekundu nalo lina sehemu yake. Kwenye skrini za maonyesho zinazozunguka na lori kutoka mji hadi mji, vumbi la murram huingia kwenye matundu na kukaa kati ya pini. Pulizia hewa kavu, kisha safisha plagi kwa pombe ya isopropili na uache ikauke. Matundu yasiyotumika yazibwe; hata kipande cha kaveera (mfuko wa plastiki) na gundi kinafaa wakati wa safari.

Umeme ukirudi, picha hairudi

Hili ndilo tatizo la Uganda hasa, na linastahili nafasi yake. Umeme umekatika, jenereta imeshika, kila kitu kinajiwasha kwa pamoja. Kompyuta ndogo ya matangazo huamka na kubisha hodi ndani ya sekunde chache. Skrini kubwa bado inaamka. Kompyuta haipati jibu, inaamua kwamba hakuna skrini, na inafunga tundu lake au inatoa picha ndogo ya 1024 × 768. Baadaye skrini iko tayari, lakini hakuna anayebisha tena. Mlinzi anaona skrini nyeusi, fundi anapigiwa simu, fundi anachomoa waya na kuurudisha, picha inakuja. Wote wanaamini waya ni mbovu. Waya ni mzima. Kuuchomoa kumelazimisha salamu ianze upya.

Dawa ya kudumu ni kihifadhi cha EDID: kiboksi kidogo kinachokaa kati ya chanzo na waya mrefu, kikiwa kimehifadhi nakala ya EDID ya skrini ile ile. Kompyuta ikibisha, kiboksi kinajibu papo hapo, skrini iwe imewaka au la. Kinakili EDID kutoka kwenye skrini yenyewe wakati kila kitu kinafanya kazi, usitumie tu ile ya kiwandani, maana ya kiwandani inaweza kutangaza 4K (pikseli 3840 × 2160) kwa skrini ya 1080p (1920 × 1080). Kihifadhi kikaribie chanzo. Ukikiweka upande wa skrini, waya mrefu wenye kosa bado unaweza kupoteza hodi.

Usipopata kihifadhi, panga mpangilio wa kuwaka: skrini iwake kwanza, chanzo kichelewe kwa sekunde 30 hadi 60 kwa kutumia kichelewesha umeme. Au chanzo na vifaa vidogo vya njiani viwe kwenye UPS (betri ya akiba) ili visizimike kabisa. Vinakula umeme kidogo, UPS ya VA 650 huvibeba kwa muda wote ambao jenereta inahitaji kushika. Skrini yenyewe, hasa ukuta wa LED, usiipachike kwenye UPS hiyo ndogo.

Kwa DisplayPort kuna nyongeza. Skrini nyingi zikilala huondoa kabisa ile ishara ya karibu, na Windows huhamisha madirisha yote kwenye skrini nyingine. Kwenye menyu ya skrini zima usingizi mzito na utafutaji wa tundu wa kujitegemea.

Nukta zinazomemeta, picha inayokatika na kurudi

Tumetoka kwenye salamu, sasa ni mzigo. Watu husema kidijitali ama inafanya kazi ama haifanyi. Si kweli. Kati ya hizo mbili kuna ukingo mwembamba ambapo biti chache zinapotea. Utaona nukta nyeupe au za rangi zikimemeta, zaidi kwenye maeneo yenye giza. Baadaye mistari mifupi ya mlalo. Halafu picha nzima inatoweka kwa sekunde 2 na kurudi. Ukiona nukta leo, kesho utaona giza.

Hesabu ya mzigo ni hii. Picha ya 1080p mara 60 kwa sekunde inachukua takriban gigabiti 4.5 kwa sekunde kwenye waya wa HDMI. 4K mara 30 ni takriban 9. 4K mara 60 yenye rangi kamili ni karibu 18, ambao ndio mwisho wa HDMI 2.0. HDMI 2.1 hufika 48. Kwa hiyo kutoka 1080p kwenda 4K ya 60 umezidisha mzigo mara nne juu ya shaba ile ile, na waya uliotumikia projekta ya zamani kwa miaka mingi bila lawama unashindwa siku skrini mpya inapofungwa. Skrini mpya inasingiziwa.

Kipimo cha haraka: teremsha mzigo bila kugusa waya. Kwenye mipangilio ya kompyuta shusha 4K iwe 30 badala ya 60, au ingia 1080p. Nukta zikikoma, umepata jibu: waya au kifaa cha njiani hakiwezi. Zisipokoma hata kwa 1080p, plagi imelegea, pini imepinda, au waya umekunjwa vibaya mahali.

Urefu wa kuaminika kwa waya wa shaba wa kawaida ni mita 5 kwa 4K ya 60, na mita 10 hadi 15 kwa 1080p kama waya ni mnene na mzuri. Maandishi ya "4K" kwenye pakiti hayathibitishi chochote. Tafuta lebo ya uthibitisho inayoweza kuskaniwa kwa simu. Ukizidi mita hizo, chagua moja kati ya njia tatu: waya wa HDMI wa faiba, vipitishi vya HDBaseT vinavyobeba picha juu ya Cat6 (waya wa mtandao), au SDI, mfumo wa picha wa kamera na studio.

Waya wa faiba una mwelekeo. Ncha moja imeandikwa chanzo na nyingine skrini, kwa Kiingereza "Source" na "Display". Ukiugeuza hautoi picha hata kidogo, na ukishapitishwa ndani ya bomba la ukutani kuugeuza ni kazi ya siku. Usome kabla ya kuvuta. Usiukunje pembe kali, wala usiuvute kwa kushika plagi.

HDBaseT hufika mita 100 kwa 1080p. Vifaa vya daraja dogo huishia mita 70 kwa 1080p na mita 35 hadi 40 kwa 4K, na tofauti hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi. Isome. Waya wake hutoka kifaa hadi kifaa. Usiupitishe kwenye swichi ya mtandao. Plagi ni ile ile ya RJ45, lakini lugha si ya intaneti. Pande zote mbili zibanwe kwa mpangilio mmoja, T568B, na jozi zisifunguliwe msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya plagi. Waya uliobaki usiviringishwe kuwa kifurushi kigumu juu ya dari, uukate. Usiulaze sambamba na nyaya za volti 240 za taa au viyoyozi: ikibidi vikutane, vivukane kwa pembe mraba.

Hapa tunataka kusema kwa sauti: kagua shaba. Sokoni kuna Cat6 nyingi ambayo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa intaneti ya ofisi ya mita 20 inaweza kupita bila kelele. Kwa HDBaseT ya mita 60 inayobeba picha na umeme wa kipokezi kwa pamoja, inaleta matatizo yasiyo na mwisho: picha asubuhi, giza mchana dari likipata joto. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ndani kukiwa kweupe, ni alumini. Kama waya umeshafichwa ukutani, tumia multimita. Unganisha nyuzi mbili za jozi moja upande wa mbali, kisha pima omu upande wa karibu. Shaba halisi ya AWG 24 (kipimo cha unene wa uzi) kwa mita 50 inatoa omu 8 na nusu hivi, kwenda na kurudi. Ukipata 13, usipoteze muda kubadilisha vipitishi.

Picha iko, lakini si yenyewe

Picha ya waridi na kijani: chanzo kinapeleka rangi kwa mfumo wa YCbCr (mwangaza na rangi kando kando), skrini inazisoma kama RGB (nyekundu, kijani, bluu), au kinyume. Hutokea sana pale DVI, tundu la picha la zamani, inapohusika, kwa sababu DVI inajua RGB pekee. Weka chanzo kwenye RGB. Ikiwa rangi moja tu imepotea kabisa, plagi haijakaa vizuri au pini imepinda.

Weusi uliofifia kama majivu, au giza lililomeza sura za watu: hapa pande mbili hazijakubaliana juu ya kipimo cha mwanga. Kompyuta huhesabu kutoka 0 hadi 255, televisheni kutoka 16 hadi 235. Chagua kimoja kwa pande zote mbili, kwenye kadi ya picha na kwenye menyu ya skrini.

Kingo za picha zimekatwa, mstari wa chini wa Windows hauonekani: skrini inakuza picha kidogo kama televisheni za zamani. Tafuta kwenye menyu ya skrini chaguo la pikseli kwa pikseli. Usilirekebishe kwa kupunguza picha kwenye kompyuta, maana herufi zitafifia. Na herufi nyekundu au za bluu zikionekana zimechakaa pembeni ilhali nyeusi ni safi, rangi zimebanwa kuwa 4:2:0. Kwa filamu haidhuru. Kwa jedwali la hesabu mbele ya wakurugenzi inaudhi. Mara nyingi tundu la skrini limeachwa kwenye hali ya HDMI 1.4.

Hilo ndilo pia linaloleta 4K iliyokwama kwenye 30, ambapo mshale wa kipanya unaburuta miguu. Skrini nyingi hutoka kiwandani matundu yakiwa yamewekewa hali ya chini ili yakubaliane na vifaa vya zamani. Fungua menyu, tafuta tundu hilo, uliweke hali ya HDMI 2.0 au zaidi. Kisha tazama adapta: ile ya DisplayPort isiyo na kigeuzi ndani inaishia 4K ya 30 hata ikiwa nzuri. Ya kugeuza kweli ndiyo inayofika 60.

Laptopu inaonekana, dikoda inakataa

Siku ya mechi, ukumbini au kwenye kibanda cha mpira, laptopu inaonyesha vizuri lakini dikoda ya kulipia inatoa giza, au sauti bila picha, au picha inayokatika kila baada ya sekunde chache. Hiyo ni HDCP. Kila kifaa kati ya dikoda na skrini, iwe spilita, matriksi (swichi ya vyanzo vingi na skrini nyingi), kichanganya picha au kichakataji cha LED, lazima kiwe na ufunguo halali. Kimoja kikikosa, mlango hufungwa.

Mambo mawili hukosewa. Kwanza, matoleo: maudhui ya 4K yanayodai HDCP 2.2 hayapiti kwenye kifaa cha HDCP 1.4, hata kama kifaa hicho kinabeba pikseli za kutosha. Mara nyingi ukishusha chanzo hadi 1080p kinakubali. Pili, idadi: HDCP 1.4 inaruhusu vifaa 127 na ngazi 7 za kupitishiana, HDCP 2.2 ni vifaa 32 na ngazi 4 tu. Kuta za skrini 9 zinazopokezana picha kwa kamba, kila moja ikiipasia ya pili, huvuka ngazi hizo upesi. Tumia spilita au matriksi iliyo na ufunguo, ili kila safu ya skrini ipate waya wake kutoka katikati.

Laptopu za Apple huanzisha HDCP kila zinapoona skrini inayoikubali, hata ukionyesha picha za harusi zisizo na ulinzi wowote. Zikikataa kupita kwenye kinasa video, zima HDCP kwenye tundu la kuingilia la kifaa hicho, kama menyu yake inaruhusu.

Angalia pia ukubwa wa picha: dikoda za kwetu hutoa mara 50 kwa sekunde, mara nyingine 1080i (picha inayotumwa nusu nusu, mistari ikipishana). Vichakataji kadhaa vya LED havipokei 1080i. Weka dikoda kwenye 1080p au 720p.

Sauti imepotea

Spilita inapounganisha skrini tatu, na mojawapo ni ya zamani ya DVI isiyojua sauti, spilita inaweza kukiambia chanzo kwamba hakuna anayepokea sauti. Zote zinanyamaza. Weka spilita ichukue EDID ya skrini yenye sauti. Kama ni dikoda au kicheza filamu, badilisha sauti iwe PCM (sauti isiyobanwa) ya chaneli 2. Skrini za kazi nyingi haziwezi kufungua Dolby.

SDI: hakuna salamu, kuna waya

Kwenye ukumbi mkubwa wenye kamera, kama mikutano ya Munyonyo, picha hutembea kwa SDI. Uzuri wake ni kwamba haina EDID wala HDCP: chanzo hutoa, skrini hupokea au haipokei. Plagi ya BNC hujifunga, mtu akijikwaa haitoki. Kwa hiyo makosa yake ni machache.

La kwanza ni waya usio wake. SDI inataka omu 75. RG58 ya redio ni omu 50, inafanana nayo kwa macho, na plagi zake zinaingia. Soma maandishi kwenye ngozi ya waya. La pili ni kasi: HD-SDI ni gigabiti 1.485, 3G ni 2.97, 12G ni 11.88. Waya mzuri wa aina ya RG6 unaobeba HD kwa mita 100 hubeba 3G kwa mita 75 hivi, na 12G kwa makumi machache tu ya mita. Usigawe SDI kwa plagi ya T kama tulivyofanya enzi za analogi. Tumia kigawanyi chenye umeme. La tatu ni 3G yenye ngazi A na B: mashine mbili zikisema ngazi tofauti, skrini huweza kuwa nyeusi ilhali waya ni mzima. Badilisha ngazi kwenye chanzo kabla hujavuta waya mwingine.

Ukuta wa LED

Kati ya kichakataji na paneli hakuna HDMI tena. Kuna Cat5e au Cat6 yenye data ya paneli. Kwa hiyo tazama umbo la kasoro. Ukuta wote ukiwa mweusi, rudi kwenye tundu la kuingilia la kichakataji, na utumie picha yake ya majaribio: ikionekana, paneli ni nzima na tatizo ni salamu na chanzo. Paneli moja na zote zinazoifuata zikizimika, waya wa data kabla ya hiyo ya kwanza umelegea. Paneli moja peke yake, yenye zinazoifuata zikiwaka, ni kadi yake ya kupokelea au umeme wake.

Ukuta ukionyesha kona ya juu kushoto tu ya picha, hesabu pikseli. Paneli ya sentimita 50 kwa 50 ya P3.9 (milimita 3.9 kati ya pikseli na pikseli) ina pikseli 128 × 128. Ukuta wa mita 5 kwa 3 una paneli 60, yaani 1280 × 768. Ukipeleka 1920 × 1080 bila kupunguza, kilichobaki kinaangukia nje. Washa upunguzaji kwenye kichakataji, au kompyuta itoe 1280 × 768 kamili. Tundu moja la gigabiti hubeba takriban pikseli 650,000 kwa 60 Hz, hivyo paneli hizo ni 39 kwa tundu. Ya 40 inavuka, na ukuta huu unahitaji matundu mawili.

Kamera za televisheni zikiuona ukuta una mistari inayotembea, angalia kwamba vyote viko kwenye 50: kamera, kichakataji na chanzo. Kompyuta iliyoachwa kwenye 60 ndiyo huvuruga mara nyingi.

Matundu yanayokufa moja baada ya jingine

Tundu la HDMI likifa mara mbili mahali pale pale, usilete skrini ya tatu. Pima umeme. Ganda la chuma la plagi ya HDMI limeungana na mwili wa kifaa. Laptopu ikiwa kwenye jenereta jukwaani na skrini ikiwa kwenye umeme wa jengo, au plagi ya pini tatu ikiwa imechomekwa kwenye soketi isiyo na waya wa ardhi nyuma yake, tofauti ya volti hutafuta kupita kwenye ganda hilo. Kabla ya kuchomeka, weka multimita kwenye volti za AC na upime kati ya ganda la plagi na chuma cha skrini. Chaja za pini mbili huonyesha volti nyingi hata bila hatari kwa mtu, lakini cheche yake inatosha kuua kipokezi. Kwa hiyo chomeka HDMI kwanza, chaja baadaye. Kama vifaa vyote viwili vina waya wa ardhi na bado unasoma makumi ya volti, simamisha kazi na umwite fundi umeme wa jengo.

Radi ni sura nyingine ya jambo hili hili, na ukanda wa Ziwa Victoria una ngurumo nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Usivute HDMI, SDI wala Cat6 ya shaba kutoka jengo hadi jengo. Wala usidhani waya wa HDMI wa faiba unakulinda: mingi ina nyuzi nyembamba za shaba ndani kwa ajili ya volti 5 na EDID, na radi haihitaji zaidi ya hizo. Kati ya majengo tumia vipitishi viwili vyenye umeme wao, vilivyounganishwa kwa faiba tupu ya kioo. Mawingu yakikusanyika na ukumbi unafungwa, chomoa umeme na pia waya wa data kwenye skrini. Ukichomoa umeme pekee ukaiacha Cat6 ya mita 80 iliyopita juu ya dari, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi.